Bi Shibe, Sufuria Lililooshwa Mpaka Likatoboka

"Sufuria la mji halina dini, lina masizi."

Mmeyasikia maneno hayo leo asubuhi, pale kamati ya mtaa ilipokuwa ikigombania viti na turubai. Huyu anasema visitoke kwa harusi ya kanisani, yule anasema visitoke kwa maulidi, mpaka bibi muuza vitumbua akawakata kauli kwa methali hiyo, kisha akaendelea kugeuza vitumbua vyake kama hakusema kitu. Nyinyi mkacheka, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Methali haishuki na mvua. Hii ina mahali pake na ina mtu wake, na mtu mwenyewe alikuwa amechoka.

Mahali penyewe ni Kisingini. Kisingini ilikuwa dola, msicheke. Ilikuwa na bendera, forodha, bunduki mbili, na mkuu wa nchi aliyeitwa Diwani, mtu aliyependa usingizi na amani, kwa mpangilio huo. Ilikuwa na visiwa viwili na nusu. Ile nusu ilionekana maji yakitoka tu, lakini nayo ilikuwa na mjumbe wake barazani, na mjumbe huyo siku zote alifika na kikoi kilicholowa.

Watu wa Kisingini karibu wote walikuwa Waislamu. Waliobaki walikuwa Wakristo wa Mtaa wa Mnara, wajukuu wa mafundi walioletwa zamani kujenga mnara wa taa. Walimaliza mnara wakasahau kuondoka. Wakaoa, wakazika, wakawa watu wa Kisingini kama wengine, na waliposema "inshallah" hukuweza kujua kuwa wanatoka kanisani.

Sasa, dola ile ilikuwa na sufuria. Sufuria la shaba, la serikali, jina lake Bi Shibe. Ukubwa wake sitaki kuutia chumvi. Nitasema tu kwamba mwoshaji wake, Pandu, aliingia ndani kwa ngazi na akitaka kutoka alipiga kelele ashushiwe kamba. Wako wanaosema kondoo mzima aliwahi kupotea kwenye pilau ya harusi akaonekana kwenye khitima ya mwezi uliofuata. Hilo silithibitishi, na silikanushi.

Ada ya nchi ilikuwa kwamba shughuli haihesabiki mpaka watu wamekula kutoka kwa Bi Shibe. Ukioa bila Bi Shibe, watu watakuita mchumba mpaka unapata wajukuu. Ukizikwa bila Bi Shibe, jirani watazidi kuuliza kama umerudi safari.

Mwenye ufunguo wa ghala la Bi Shibe alikuwa Bwana Zubeiri bin Msellem, mtumishi wa serikali. Ndiye mtu wetu. Zubeiri alikuwa mcha Mungu, safu ya mbele msikitini, alfajiri haimpiti. Lakini kazini kwake alikuwa na swali moja tu, alilorithi kwa waliomtangulia: "Kuni unazo?" Mwenye kuni anapewa sufuria. Harusi, khitima, tohara, maulidi, Krismasi, hiyo si shauri ya ghala. Ukimaliza unaliosha ndani, unalirudisha. Nje huligusi. Nje lilikuwa na masizi ya miaka na miaka, meusi, mazito kama ngozi ya nyati.

Zubeiri alikuwa na binti mmoja tu, Zuwena, na Zuwena alikuwa amechumbiwa na Twalib, mtoto wa Maalim Khelef. Vijana walipendana kweli. Kila mtu aliona, hata mjumbe wa kikoi kilicholowa. Harusi ilipangwa mwezi wa Mfunguo Mosi, baada tu ya Ramadhani. Zubeiri aliiomba harusi ile katika kila sijda, kwa sababu Zuwena alikuwa amekwisha kuvunjiwa uchumba mara moja, na mara ya pili huwa mji unaanza kutafuta kasoro kwa msichana.

Huyo Maalim Khelef, baba wa kijana, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na makasha mawili ya vitabu, sauti nzuri ya kusoma, na macho ya kuona vumbi. Ukimsalimia, alikuitikia, kisha alikurekebishia salamu yako.

Basi ikatokea Filemoni, mlinzi wa mnara wa taa, akafariki. Mkewe, Bi Marselina, akafanya arobaini. Akaja ghalani na kuni zake, akapewa Bi Shibe. Akamwita Mwislamu amchinjie mbuzi, kama ilivyokuwa ada ya Mtaa wa Mnara siku zote, ili kila jirani ale bila wasiwasi. Mji mzima ukala. Zubeiri mwenyewe alikula, akaongeza, akaomba na mchuzi.

Siku ya tatu Maalim Khelef akafika ghalani, kanzu nyeupe pe.

"Bwana mkwe," akasema, "kuna jambo linanikera."

Zubeiri alishusha pumzi. Maalim alikuwa akikerwa na mambo mengi, na yote yalikuwa na njia ya kufika ghalani.

"Karibu, Maalim. Sema."

"Sufuria hili limepikiwa nguruwe."

"Nani kasema?"

"Watu wanasema."

"Watu gani, Maalim? Mimi nilikuwepo. Alikuwa mbuzi. Alikuwa na pembe."

"Pembe ulizila?"

"Sikuzila."

"Basi kilichokuwa ndani ya sufuria hukijui kwa yakini. Na jambo la shaka huachwa. Lioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka kwa nguruwe na kwa mate ya mbwa. La sivyo, Bwana Zubeiri, mimi mwanangu siwezi kumwozesha kwa chakula cha shaka. Ningesikitika sana. Zuwena ni mtoto mwema."

Hapo ndipo Zubeiri alipokosea, na alijua kuwa anakosea. Alimjua aliyemchinja mbuzi yule. Neno moja lingetosha. Lakini neno lile lingemwaibisha Maalim, na Maalim akiaibika harusi ingekwenda na maji. Akaona, ah, maji na udongo ni kitu gani? Kuosha si dhambi. Akamwita Pandu.

Pandu akaingia na ngazi yake, akasugua kwa makumbi ya nazi na udongo, mara saba. Maalim alisimama akihesabu. Akachungulia, akaona nje masizi. "Na huku?" Wakakwangua na huku.

Zubeiri akafunga ghala, akajisemea, "Yamekwisha." Masikini wa Mungu. Ndiyo kwanza yalikuwa yanafungua kinywa.

Kisingini ilikuwa na mitaa miwili ya Waislamu. Mtaa wa Juu walikuwa watu wa maulidi, watu wa matari, wanaosoma wakiyumba mpaka alfajiri, na mkubwa wao alikuwa Shee Mbarouk. Mtaa wa Chini walikuwa wafuasi wa Maalim Khelef, na hao maulidi kwao ni uzushi, bidaa. Walikuwa wakitofautiana hivyo tangu zamani, na wakila pamoja tangu zamani, kwa sababu sufuria lilikuwa moja.

Mtaa wa Juu wakasoma maulidi yao, wakapikia Bi Shibe, wakarudisha. Hata shaba haijapoa, Maalim huyu hapa.

"Lioshwe."

"Lishaoshwa, Maalim. Walilirudisha safi."

"Mara saba. Limepikiwa bidaa."

Zubeiri akashika ukuta. "Bidaa haina mafuta, Maalim. Haigandi kwenye sufuria."

"Najisi ya itikadi ni nzito kuliko ya mate ya mbwa. Au wewe mkwe wangu una maoni mengine? Niambie mapema, kabla hatujatoa kadi za harusi."

Zubeiri hakuwa na maoni mengine. Akamwita Pandu.

Habari ikapanda Mtaa wa Juu kabla Pandu hajakauka mikono. Shee Mbarouk akashuka na bakora yake na watu nyuma yake.

"Zubeiri, nasikia chakula chetu kinaoshwa kama mate ya mbwa."

"Shee wangu, nivumilie, nina harusi."

"Harusi yako naijua. Mkeo Nunu ni binti wa mtaa wetu, hatutaiharibu. Ila kuanzia leo, hao Mtaa wa Chini wakilipikia, na sisi tutalitaka lioshwe kabla ya kuligusa. Mara saba. Wasidhani udongo ni wao peke yao."

Na ikawa hivyo. Mtaa wa Chini wakipika, saba za Mtaa wa Juu. Mtaa wa Juu wakipika, saba za Mtaa wa Chini. Pandu alisugua mpaka viganja vyake vikapoteza mistari, na mganga wa kusoma viganja alipomwona akamwambia, "Wewe huna maisha." Bi Shibe akang'aa. Mchana alipotolewa nje, watu waliziba macho, na jahazi moja lililokuwa linapita mbali lilimdhania ni mnara wa taa likabadilisha njia.

Hofu ni kama upele, huambukiza. Watu wakaanza kutazama masufuria yao ya nyumbani. Nani alikuja jana? Alikula nini kabla hajaja? Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini wakasugua masufuria yao ndani na nje, mpaka jikoni kukawa kunatisha. Mtaa wa Mnara peke yake hawakusugua. Masufuria yao yalibaki meusi, na watoto wa mitaa mingine wakawatania kwa uchafu.

Na wali ukaanza kuungua. Sufuria lililokwanguliwa halivumilii moto. Khitima moja wali uliungua, harusi moja uliungua, na kila mtaa ukasema ni laana ya mtaa wa pili.

Mambo yakafika barazani. Diwani aliamshwa. Akauliza Maalim anataka nini hasa, na Maalim akasema jambo jepesi tu: nchi hii ni ya Waislamu, sufuria liwe la Waislamu. Diwani akasema, "Haya, naam, liwe," akataka kurudi kulala.

Lakini Zubeiri, kwa kuwa ndiye atakayesimama mlangoni, akauliza, "Mheshimiwa, mtu akija nitamjuaje kuwa ni Mwislamu?"

"Anayeswali," akasema Maalim.

"Nyuma ya imamu gani?" akauliza Shee Mbarouk, taratibu kabisa.

Diwani akafumbua jicho moja.

"Nyuma ya imamu asiyesoma maulidi," akasema mmoja wa Mtaa wa Chini.

"Basi sisi si Waislamu?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema kwa kinyume chake."

Mjumbe wa nusu kisiwa akainua mkono, maji yakimchuruzika. "Sisi maji yakijaa tunaswali ndani ya mashua. Sisi ni wa mtaa gani?"

Walibishana mpaka adhuhuri, wakaenda kuswali misikiti miwili, wakarudi wakaendelea. Mwisho wakaamua hivi: anayetaka sufuria alete shahidi wa Uislamu wake, na shahidi alete shahidi wake. Bwana harusi mmoja alishuhudiwa na mjomba, mjomba akashuhudiwa na kinyozi, na kinyozi akashuhudiwa na bwana harusi yuleyule. Zubeiri aliwatazama wote watatu wamepanga mstari mlangoni kwake, akawaambia, "Nendeni nyumbani. Kichwa kinaniuma." Kutoka siku ile Bi Shibe hakutoka ghalani. Alioshwa tu. Maana kila mtaa uliomba aoshwe ili akitoka awe tayari.

Wakati huohuo Bi Marselina akaja, mzigo wa kuni kichwani. Pasaka ilikuwa karibu.

Zubeiri alitamani ardhi impasukie.

"Kuni ninazo," akasema Bi Marselina. "Nimeambiwa sasa mnataka na mashahidi. Shahidi wangu unamjua. Yuko makaburini."

"Dada yangu, amri ya baraza..."

"Bwana Zubeiri, wewe ulikula arobaini ile. Uliomba na mchuzi. Na unamjua aliyechinja."

"Namjua."

"Basi sema. Watu wanapita mlangoni kwangu wanaziba pua. Wanasema nilimuaga mume wangu kwa nguruwe."

Zubeiri akatazama ufunguo mkononi mwake. "Nina binti wa kuoza, Bi Marselina."

"Na mimi nilikuwa na mume wa kuzika," akasema yule mama. Akageuka na kuni zake kichwani, akaondoka. Hakumtukana hata kidogo, na hilo lilimuuma Zubeiri zaidi.

Siku ile hakula. Bi Nunu akamuuliza, "Una nini?" Akajibu, "Nina kazi ya serikali." Bi Nunu akasema, "Pole," na akaondoa sahani.

Ramadhani ikapita, Mfunguo Mosi ukaingia, siku ya harusi ikafika. Kwa kuwa baba wa msichana ndiye mwenye ufunguo, na mashahidi walitoka mitaa yote miwili, Bi Shibe akaruhusiwa kutoka. Akatolewa uwanjani asubuhi, akapandishwa juu ya mafiga. Mbuzi na ng'ombe walikuwa wamechinjwa na Maalim mwenyewe. Magunia ya mchele yamepangwa. Zuwena yuko ndani, mikono ina hina, hawezi kushika hata kikombe, anasubiri.

Maalim Khelef akasema, "Sufuria limelala ghala moja na vyombo vya Mtaa wa Juu. Lioshwe mara saba."

Shee Mbarouk akasema, "Likishaoshwa na wewe, litaoshwa na sisi, mara saba. Bibi harusi ni mjukuu wetu."

Bwana Zubeiri akafumba macho, akayafumbua. Wote wawili walikuwa bado wamesimama palepale. Akasema, "Pandu. Ingia."

Pandu akaingia. Akaosha saba za kwanza. Jua likapanda. Wapishi wakakaa juu ya magunia. Akaanza saba za pili, anasugua anahema, na watu wanahesabu kwa sauti, kila mtaa unahesabu za kwake na kukagua za mwenzake. Alipofika mwishoni pakasikika mlio mdogo, kama wa mtu anayepasua jani la mgomba. Kisha chini ya sufuria, upande wa nje, ukatokea mkono. Mkono wa Pandu, hadi kwenye kiwiko. Ulikaa hapo hewani kidogo, ukapapasa, ukamshika Maalim Khelef mguu.

"Nani huyu?" akauliza Pandu kutoka ndani.

Bi Shibe alikuwa ametoboka.

Mwanamke mmoja akashika kinywa. Bi Nunu alikaa chini, pale pale kwenye majani. Hakuna sufuria, hakuna karamu. Hakuna karamu, hakuna harusi inayohesabika. Maalim akajitoa mguu, akarekebisha kanzu.

"Hii ni ishara," akasema. "Niliwaambia chombo hiki kilinajisiwa. Mungu hakutaka tukilie. Nadhani, Bwana Zubeiri, ni heri harusi hii tuiahirishe, tutafakari."

Tutafakari. Zubeiri aliliona neno hilo, akaliona linamfuata Zuwena miaka yote, na wachumba wanaotafakari wakipita mmoja mmoja. Miezi yote alikuwa ameinama ili harusi isivunjike, akainama, akainama tena, na sasa alikuwa ameinama mpaka chini na harusi bado inavunjika. Kitu ndani yake kikachoka kuchoka.

"Maalim," akasema, "aliyechinja mbuzi wa arobaini ya Filemoni ni baba yako."

Bi Nunu akamvuta kanzu. Hakujali.

"Mzee Kitwana. Kwa kisu chake, kwa bismillahi yake. Na ndiye aliyewachinjia Mtaa wa Mnara tangu wewe hujaota meno. Nilijua siku ile ulipokuja ghalani. Nikanyamaza kwa sababu ya binti yangu. Nikaosha ili usiaibike. Nikaosha bidaa, nikaosha matari, nikaosha visivyooshwa, mpaka nimeisha na sufuria limeisha. Sasa osheni mikono yenu. Ukitaka kuvunja harusi, vunja. Lakini usimsingizie Mungu shimo lililotobolewa na Pandu."

Watu wakageuka wakamtazama Mzee Kitwana. Alikuwa ameketi kitini pembeni, mzee mkongwe, macho yameingia ukungu lakini masikio mazima.

"Baba," akasema Maalim, sauti imeshuka. "Ni kweli?"

"Mbuzi yupi?"

"Wa Filemoni."

"Aa, yule beberu. Ndiyo. Alikuwa na nguvu, alinipiga teke."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Tangu urudi na makasha yako, hujaniuliza kitu, unanisahihisha tu." Mzee akafikiri kidogo. "Na wali wake ulikuwa mtamu. Bi Marselina alinifungia ukoko nikaja nao nyumbani."

"Ukoko gani?"

"Ule uliokula wewe. Ulisema kidogo una moshi, kisha ukamaliza."

Shee Mbarouk aligeuka akatazama bahari. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Watu wa Mtaa wa Chini wakaanza kukagua ndala zao. Kicheko kilikuwa kinatafuta pa kutokea, na Zubeiri, ambaye alikuwa amekwisha kuizika harusi moyoni, alimtazama Maalim akingoja aondoke.

Maalim Khelef hakuondoka. Nimeshasema hakuwa mtu mbaya. Alisimama pale amekuwa mwekundu, kisha akamwita mhunzi wa mji.

"Hili linazibika?"

Mhunzi akazunguka, akapiga shaba kwa ukucha. "Kiraka naweza kupigilia. Lakini pembeni patavuja. Panatakiwa masizi yaliyokandwa kwa ulimbo wa fenesi. Na masizi ya zamani, si haya ya jana. Msingelikwangua hili, ningekuwa nayo tele. Haya ndiyo yaliyokuwa yanalishika, shaba yenyewe ilishachoka siku nyingi."

Mafenesi yalikuwepo. Masizi hayakuwepo. Watu wakatazamana. Mtaa wa Juu, masufuria yanang'aa. Mtaa wa Chini, yanang'aa. Katika dola nzima ya visiwa viwili na nusu, masizi ya zamani yalikuwa Mtaa wa Mnara peke yake.

"Nitakwenda mimi," akasema Zubeiri.

"Hapana," akasema Maalim. "Twende wote."

Wakaenda. Mlango wa Bi Marselina ulikuwa umerudishwa.

"Hodi," akasema Maalim.

"Hodi ya nani?"

"Khelef wa Kitwana."

"Khelef wa Kitwana simjui. Namjua Maalim aliyesema nimeulisha mji nguruwe."

"Ndiye huyo," akasema Maalim. "Amekuja kuomba msamaha. Na amekuja kuomba masizi."

Mlango ukafunguka. Bi Marselina aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, na Zubeiri akateremsha macho.

"Bwana Zubeiri, umesema?"

"Nimesema, dada yangu. Nimechelewa."

"Umechelewa sana." Akasogea kando ya mlango. "Huo msamaha uwekeni hapo kizingitini. Nitautazama siku nyingine, leo bado nina hasira. Masizi ni ya harusi ya Zuwena, na Zuwena hajanikosea. Ingia jikoni, Maalim, ukwangue mwenyewe. Mimi nimevaa nguo ya heshima."

Maalim Khelef akaingia jikoni kwa Mkristo kwa mara ya kwanza katika umri wake, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe pe, akakwangua. Masufuria ya Mtaa wa Mnara yalimpa masizi karai zima. Alipotoka alikuwa na weupe wa macho tu, na watoto waliomwona njiani walimkimbia.

Mhunzi akapigilia kiraka, akakanda masizi na ulimbo, akapaka. Moto ukawashwa alasiri badala ya asubuhi. Bi Shibe alivuja kidogo, akafikiria, akaacha. Wali ukaiva magharibi, na watu walikuwa wameshikwa na njaa iliyosawazisha mitaa yote. Wakapakuliwa, Mtaa wa Juu, Mtaa wa Chini, Mtaa wa Mnara na Bi Marselina wao, ambaye alikuja akaketi mbali na Maalim, lakini alikuja.

Wali ule ulikuwa na mstari mweusi katikati, pale ulimbo ulipoachia. Mjumbe wa nusu kisiwa akapata mstari huo kwenye sahani yake. Akautazama sana. Mazoea mabaya hayaishi kwa siku moja.

"Samahani," akauliza, "huu weusi ni wa watu gani? Wa maulidi, wa Maalim, au wa kanisani?"

Vijiko vikasimama. Zubeiri akahisi kichwa kinaanza tena kumuuma.

Ni Mzee Kitwana aliyejibu, kinywa kimejaa. "Kula, mwanangu. Sufuria la mji halina dini, lina masizi. Dini unayo wewe. Umeivaa, umekuja nayo, utaondoka nayo. Usiitafute humu ndani ya wali."

Mjumbe akala.

Baraza lilipokaa tena, amri ya mashahidi ilifutwa, na safari hii Maalim Khelef ndiye aliyeomba ifutwe. Alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa, kwamba tangu serikali ilipoanza kulichagulia sufuria Waislamu, hajawahi kuona Waislamu wakichukiana namna ile. Aliendelea kusema maulidi ni bidaa. Shee Mbarouk aliendelea kuyasoma, tena kwa sauti zaidi. Bi Marselina aliendelea na kanisa lake, na ule msamaha alikuja kuuokota kizingitini baada ya muda wake mwenyewe, bila kumwambia mtu siku gani.

Zuwena na Twalib walihesabika.

Ndiyo maana, wanangu, mkiona watu wanashika chombo cha wote wanakigeuzageuza kutafuta ni cha imani gani, na kukisugua ili kiwe cha kwao peke yao, msigombane nao sana. Watachoka, au kitatoboka. Waambieni tu kama alivyosema mzee yule mwenye kinywa kilichojaa wali: sufuria la mji halina dini, lina masizi.